Bonnard, mchoraji asiyependa makelele: Je, kazi ya kimya hufika mbali?

Niambie ukweli, wewe unayesoma hii kwa simu ukingoja matatu ijae. Mara ya mwisho ulifanya kitu kizuri bila kukipiga picha na kukipandisha mtandaoni ilikuwa lini? Usione haya. Mimi pia sikumbuki.

Nina sababu ya kuuliza. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, nikaanza kuandika mtandaoni. Nimeandika kwa miaka mitatu sasa. Kuna wiki watu elfu mbili wananisoma, na kuna wiki ninasomwa na binamu yangu na mama yake. Mwezi jana msee mmoja ninayemheshimu aliniketisha chini akaniambia shida yangu ni moja tu: sina kiki. Ati nitafute mtu maarufu nimtusi, tuvurugane wiki moja, halafu namba zitapanda zenyewe. Nililiandika hilo tusi, bana. Nikalihifadhi kwenye simu, likangoja tu kubonyezwa.

Usiku huo, nikitafuta picha ya kuweka juu ya tusi langu, nikakutana na mchoro wa mwanamke aliyelala ndani ya hodhi la kuogea. Hafanyi lolote. Maji yametulia, mwili umenyooka, rangi za bafu zinameremeta kama kuna jua limefichwa nyuma ya ukuta. Niliutazama hadi chaji ikaisha. Jina la mchoraji: Pierre Bonnard, Mfaransa. Mchoro aliumaliza 1925, na leo uko kwenye jumba la Tate, London. Nikataka kujua huyu jamaa ni nani. Nilichopata ndicho ninachokuletea.

Wakili aliyetoroka mahakama

Bonnard alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1867 huko Fontenay-aux-Roses, karibu na Paris. Babake alikuwa mkuu wa ofisi katika Wizara ya Vita. Sasa unajua mzee wa aina hiyo anataka nini kutoka kwa kijana wake: kazi yenye dawati, yenye pensheni. Kwa hivyo Bonnard akasoma sheria, akapata shahada yake 1888. Lakini alikuwa pia anajificha kwenye Académie Julian, shule ya kibinafsi ya uchoraji, akijifunza kushika brashi. Alipofanya mtihani wa kuingia kazi ya serikali, akaanguka.

Kilichomwokoa ni tangazo la pombe. Kampuni ya shampeni ilikuwa na shindano la bango, na muundo wa Bonnard ukachaguliwa 1889. Malipo yalikuwa faranga 100. Bango lenyewe lilibandikwa kwenye kuta za Paris 1891: mwanamke anayecheka, glasi mkononi, povu la shampeni likimwagika hadi chini kama wimbi. Rangi chache tu, mstari mmoja mzito mweusi, basi. Jamaa mwingine mfupi anayeitwa Toulouse-Lautrec akaliona mtaani, likamkoroga akili, akamtafuta aliyelichora. Bonnard akampeleka kwa mchapishaji wake. Mwaka huohuo Lautrec akatoa bango lake la Moulin Rouge, na jina lake likapaa Paris nzima.

Ona hapo. Bonnard ndiye aliyefungua mlango. Lautrec ndiye aliyeingia na kelele. Wala hatusikii kwamba Bonnard alinung'unika.

Manabii wa Paris

Wakati huo alikuwa na mbogi yake: Paul Sérusier, Maurice Denis, Édouard Vuillard, Ker-Xavier Roussel na wengine. Walijiita Nabis. Usitafute mbali maana yake. Neno hilo limetoka Kiebrania, na ni ndugu wa neno letu "nabii" tulilolipata kupitia Kiarabu. Yaani hawa vijana wa miaka ishirini na kitu walijiita Manabii. Walikuwa na maskani yao, lakabu zao na utani wao wa ndani. Bonnard walimpa lakabu ya nabii Mjapani, kwa sababu alikuwa ameingiwa na picha za kuchapwa za Japani, zile ambazo hazina kivuli wala kina, rangi imelala bapa kama kitenge kilichoanikwa.

Imani ya hao Manabii ilikuwa rahisi. Kabla picha haijawa farasi au mwanamke, ni ubao uliofunikwa rangi kwa mpangilio fulani. Na kazi ya msanii si ya majumba makubwa tu. Wao walichora mabango, majalada ya vitabu, mapazia ya jukwaani, hata viwambo vya kugawanyia chumba. Kwa lugha ya siku hizi, kazi yoyote iliyokuja walipiga, mradi iwe na roho.

Mbogi ilianza kutawanyika mwisho wa karne. Kila nabii akashika njia yake. Bonnard akashika ya nyumbani. Wenzake wa Paris waliokuja baadaye walivunja kila kitu: Picasso akaikata sura ya mtu vipande kama kioo kilichoanguka, wengine wakaacha kabisa kuchora kitu unachoweza kukitambua. Bonnard akaendelea na meza ya chakula, bakuli la matunda, paka, dirisha, mke wake akioga.

Mwaka 1912 serikali ya Ufaransa ilitaka kumvisha nishani ya Légion d'honneur, heshima ambayo watu huitafuta kwa udi na uvumba. Akaikataa. Vuillard na Roussel wakakataa pamoja naye. Mwaka huohuo akanunua nyumba ndogo huko Vernonnet, kando ya mto Seine. Jirani yake wa karibu katika sanaa alikuwa mzee Claude Monet wa Giverny, na wakawa wakitembeleana. Mwaka uliofuata, 1913, akachora chumba cha kulia cha nyumba hiyo: mlango uko wazi, bustani inaingia ndani na kijani chake, paka wawili wamekaa vitini, na mwanamke ameegemea dirisha kutoka nje. Mchoro huo sasa uko Minneapolis, Marekani. Ni picha ya alasiri ambayo hakuna kilichotokea, lakini ukiitazama unatamani ungekuwepo.

Alivyofanya kazi

Hapa ndipo nilipomvulia kofia, mazee.

Wachoraji wengi wa enzi yake walibeba vifaa vyao hadi shambani, wakakaa mbele ya mti wakauchora mti. Bonnard hakufanya hivyo. Kila asubuhi alitoka matembezi, mfukoni ana kijitabu kidogo cha tarehe. Ndani yake alichora kwa penseli, haraka, kitu chochote kilichomgusa. Pembeni akaandika hali ya anga ya siku hiyo kwa neno moja au mawili: kumekuwa kuzuri, mvua, mawingu. Basi. Akarudi nyumbani, akachora kwa rangi kutoka kumbukumbu. Aliogopa kwamba kitu kikiwa mbele ya macho kingemteka, akasahau kile kilichomgusa mwanzo. Alitaka kuchora kile jicho linachokiona ukiingia chumbani ghafla, kabla akili haijaanza kupanga hiki ni kiti, kile ni kikombe.

Turubai zake hakuzivuta kwenye fremu. Alizipigilia ukutani kwa pini, kadhaa kwa mpigo, akipaka huku na kule. Akipata manjano nzuri kwenye picha moja, anatembea chumbani na brashi kutafuta picha nyingine inayokosa manjano. Akisafiri, alizikunja akaenda nazo, akazibandika kwenye kuta za chumba cha hoteli juu ya karatasi zenye maua. Ukutani kwake kulikuwa pia na postikadi za michoro ya watu wengine, na karatasi za peremende zinazong'aa, alizozitunza kwa sababu ya vile zinavyocheza na mwanga.

Na hakujua kumaliza. Picha moja ingeweza kumchukua miaka. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba aliingia kwenye jumba la makumbusho la Luxembourg, Paris, akiwa na kisanduku cha rangi mfukoni, Vuillard akampigisha mlinzi stori, naye Bonnard akarekebisha mchoro wake mwenyewe uliokuwa umetundikwa hapo miaka. Fikiria umeshauza kitu, watu washakisifu, na bado unarudi kinyemela kukitengeneza.

Sasa linganisha na mimi, ambaye hupandisha makala saa sita usiku kabla ya kusoma mara ya pili.

Mwanamke wa kwenye maji

Lakini nisikuuzie mtakatifu. Ukimya wa Bonnard ulikuwa na bei, na si yeye peke yake aliyeilipa.

Yule mwanamke kwenye hodhi anaitwa Marthe. Walikutana Paris 1893. Alimwambia jina lake ni Marthe de Méligny na kwamba ana miaka 16. Ukweli ni kwamba aliitwa Maria Boursin, alikuwa na miaka 24, msichana wa mashambani aliyekuja mjini kutengeneza maua bandia dukani. Jina lenye "de" katikati lilisikika kama la watu wakubwa. Nani kati yetu hajawahi kujiongezea kidogo alipofika mjini? Walikaa pamoja zaidi ya miaka 30 kabla ya kuoana Agosti 1925.

Marthe alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na kuoga kulikuwa sehemu ya tiba yake. Hakupenda wageni. Bonnard alimchora zaidi ya mara 300, akivaa soksi, akinywesha paka, akiwa majini. Kwenye picha hazeeki. Yule wa 1925 alikuwa na zaidi ya miaka 50, lakini mwili uliochorwa ni wa msichana. Kumbukumbu, unaona, haifuati kalenda.

Watu husahau kwamba Marthe naye alichora. Alitumia jina la Marthe Solange, na mwaka 1924 kazi zake zilionyeshwa Paris kwenye galeri ya Druet. Historia ikamwacha ndani ya maji.

Na kulikuwa na mwingine, Renée Monchaty, msichana aliyekuwa modeli wake na ambaye Bonnard alimpenda. Wiki chache baada ya Bonnard kumwoa Marthe, Renée alijitoa uhai. Bonnard alikuwa na mchoro wa wanawake hao wawili bustanini, uliojaa manjano. Aliuweka, akaurudia karibu mwisho wa maisha yake. Hakuuandikia maelezo. Mwenyewe nimeuangalia nikajiuliza: kunyamaza ni hekima wakati gani, na ni woga wakati gani? Kuna maneno ambayo watu wawili walistahili kuambiwa mapema.

Tena tusidanganyane kuhusu chapaa. Bonnard alitoka kwa familia iliyojiweza, na galeri ya Bernheim-Jeune ilimuuzia kazi kwa miaka mingi. Aliweza kunyamaza kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anayesema kwa niaba yake. Wewe na mimi hatuna huyo mtu. Kwa hivyo akikwambia mtu usijitangaze kabisa, mwulize nani atalipa kodi ya keja.

Nyumba ya mlimani na vita

Mwaka 1926 alinunua nyumba ndogo huko Le Cannet, kwenye mlima juu ya mji wa Cannes, kusini mwa Ufaransa, inayotazama bahari. Akaweka bafu lenye maji ya mfereji. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo kuliko unavyofikiria. Humo ndimo zilimotoka picha zake kubwa zaidi.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta huko. Chakula kikawa adimu, makaa yakawa adimu. Vuillard akafa 1940. Marthe akafa Januari 1942. Denis akafuata 1943, Roussel 1944. Manabii wakaisha mmojammoja. Mzee akabaki na mbwa mdogo, barua za rafiki yake Henri Matisse aliyekuwa si mbali, na ukuta wenye turubai.

Moja ya hizo turubai alikuwa ameianza 1941: Marthe ndani ya hodhi, mbwa amelala kwenye mkeka wake. Marthe akafa, yeye akaendelea kuipaka. 1943, 1944, 1945. Aliimaliza 1946. Ukuta wa bafu umelipuka zambarau, dhahabu, bluu, na sakafu inaonekana kama inayeyuka. Iko Pittsburgh, Marekani, kwenye jumba la Carnegie. Miaka mitano ya kumuaga mtu, na hakuna chozi lililochorwa.

Miaka hiyo alijichora pia mwenyewe kwenye kioo cha bafu: kichwa kisicho na nywele, macho mawili ya giza, mabega yaliyoanguka. Hakuna alichojipendelea. Angekuwa na chujio za simu zetu asingezitumia.

Mchoro wake wa mwisho ni wa mlozi uliokuwa dirishani kwake, umechanua maua meupe. Januari 1947, akiwa kitandani, hana nguvu ya kushika brashi, aliona kwamba kipande cha ardhi chini ya mti, upande wa kushoto, kina kijani kisichofaa. Akamwomba mpwa wake, Charles Terrasse, amsaidie kuweka manjano. Akafa tarehe 23 Januari, akiwa na miaka 79.

Makelele yakaja baadaye

Mtu hajapoa kaburini, jarida la Cahiers d'Art likauliza waziwazi kama Bonnard alikuwa mchoraji mkubwa. Mhariri wake, Christian Zervos, jibu lake lilikuwa hapana: alimwona ni mtu wa kufurahisha wasiotaka kusumbuliwa. Picasso naye hakumpenda. Françoise Gilot, aliyeishi na Picasso, aliandika baadaye jinsi alivyomdharau Bonnard kwa kutoamua, kwa kujaza picha rangi ndogondogo bila kuchukua msimamo. Matisse alipolisoma lile jarida alikasirika. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa nakala yake kwamba yeye anathibitisha Bonnard ni mchoraji mkubwa, kwa leo na kwa siku zijazo, akatia sahihi.

Kulikuwa na kelele nyingine, ya mahakamani, na hii wewe msanii isikilize vizuri. Marthe alipofariki hakuacha wosia. Kisheria nusu ya mali ilikuwa yake, pamoja na picha. Bonnard, wakili wa zamani, alighushi karatasi ionekane kama Marthe amemwachia kila kitu, asije akafungiwa chumba cha kazi. Alipokufa yeye, uongo ukafichuka. Jamaa wa Marthe wakadai haki yao, familia ya Bonnard ikapinga, na picha zikafungiwa kwa miaka wakati mawakili wakivutana. Swali lilikuwa zito: picha ambayo msanii bado hajaridhika nayo ni mali ya ndoa, au bado ni sehemu ya nafsi yake? Mjadala huo ulikuwa hewani Ufaransa ilipopitisha sheria yake ya haki za wasanii mwaka 1957. Kwa hivyo nyamaza kwenye mitandao ukitaka, lakini karatasi zako ziweke sawa. Ukimya si kisingizio.

Na picha? Zilisafiri polepole. New York walimfanyia maonyesho makubwa 1948. Le Cannet walimfungulia jumba lake 2011. Tate Modern walimwonyesha 2019, na walioingia waliambiwa wasiharakishe, kwa sababu picha za Bonnard hazijifungui mara moja. Paka unamwona dakika ya pili. Mtu aliye pembeni unamwona dakika ya tano.

Sasa turudi kwa lile tusi langu. Nilichaji simu asubuhi, nikalifungua, nikalisoma. Lilikuwa limeandikwa vizuri, siwezi kukudanganya. Lingetembea. Nikafikiria yule mzee kitandani, pumzi zimembakia chache, na anachowaza ni kijani kidogo kwenye kona ambayo hakuna mwingine angeiona.

Nikalifuta. Namba zangu wiki hii ni mbaya, binamu yangu anaweza kuthibitisha. Lakini makala haya nimeyasoma mara nne kabla ya kuyatuma, na aya ya bafu nimeibadilisha leo asubuhi tena. Ukiyamaliza, fanya hivi: tafuta mlozi wa Bonnard kwa simu yako, weka simu mlalo, na uangalie kona ya chini kushoto. Ile manjano iko pale.